Jayhawk yaaga: Je, rubani wa ndege kubwa anaweza kufundishwa bila kupaa?

Ukiiona T-1A Jayhawk imeegeshwa uwanjani, unaweza kudhani ni ndege ya bosi fulani mwenye hela zake. Injini mbili zimebanwa nyuma karibu na mkia, mwili mwembamba, mlango mdogo wa pembeni. Na hutakuwa umekosea sana, maana ndege hii ilianza maisha yake kama usafiri wa matajiri. Kilichoibadilisha ni rangi nyeupe na buluu ya Jeshi la Anga la Marekani, pamoja na vijana wanaoketi mbele wakiwa wametoka jasho kwa sababu mwalimu yuko pembeni yao anaandika makosa.

Kwa zaidi ya miaka 30, ndege hii ndogo ndiyo imekuwa darasa la marubani wa ndege kubwa za Marekani. Anayerusha C-17 iliyobeba vifaru, anayerusha C-130 ya mizigo, anayerusha KC-135 inayojaza ndege nyingine mafuta angani, wengi wao walipitia kwanza humu.

Sasa inaondolewa. Na jambo linalozua mjadala siyo kwamba ndege imezeeka, kwa sababu kila ndege huzeeka. Gumzo ni kwamba Jeshi la Anga halikutafuta ndege mpya ya kuchukua nafasi yake. Sehemu kubwa ya kazi yake inapelekwa kwenye simuleta, ile mashine iliyofungwa ndani ya jengo, yenye viti na vioo vya skrini, ambayo inakufanya uone kama unaruka wakati hujasogea hata hatua moja.

Bajeti zilisema wazi

Mwelekeo huu haukufichwa. Katika maombi ya bajeti ya mwaka wa fedha 2023, Jeshi la Anga liliomba kustaafisha Jayhawk 50. Mwaka uliofuata likaomba kuondoa nyingine 52. Kundi zima lilikuwa na ndege 178, kwa hiyo maombi ya miaka miwili tu yaligusa zaidi ya nusu.

Ombi la bajeti Marekani siyo uamuzi wa mwisho, Congress ina neno lake, na wabunge wenye kambi za mafunzo kwenye majimbo yao huwa hawakubali kirahisi kuona ndege zinaondoka. Lakini hata wakivutana kuhusu idadi na tarehe, jeshi lenyewe limeshaonyesha linakotaka kwenda. Majaribio ya kufundisha bila Jayhawk yalianzia Randolph, kambi iliyo karibu na San Antonio, Texas. Mwanafunzi anamaliza hatua ya kwanza kwenye ndege ndogo ya T-6, halafu badala ya kupanda Jayhawk anaingia simuleta. Akifaulu, anavalishwa mabawa ya urubani na kwenda moja kwa moja kujifunza ndege kubwa.

Kwa lugha rahisi: kijana anaweza kufika kwenye ndege ya kivita yenye injini nne huku ndege pekee ya jeshi aliyowahi kuirusha kwa mkono wake ina injini moja.

Ilitoka wapi hii ndege?

Hapa kuna historia ya kuchekesha kidogo. Jayhawk inaonekana ya Kimarekani, lakini mizizi yake iko Japani. Kampuni ya Mitsubishi ndiyo iliyoibuni, ikaiita MU-300 Diamond, na ikapaa mara ya kwanza Agosti 1978. Soko la ndege za kibiashara halikuwa rafiki kwa Mitsubishi. Katikati ya miaka ya 1980 mradi ukaangukia mikononi mwa Beechcraft ya Wichita, Kansas, ambao waliirekebisha na kuiuza kwa jina la Beechjet. Jina Jayhawk lenyewe ni lakabu ya watu wa Kansas.

Halafu mduara ukajifunga. Japani nayo ilipotaka ndege ya kufundishia marubani wake wa ndege za usafirishaji, ikanunua 13 za aina hiyohiyo na kuziita T-400. Yaani Wajapani walibuni, wakauza, kisha wakanunua tena kutoka Marekani kitu kilichotoka kichwani mwao. Mitsubishi ilijaribu tena bahati yake miaka ya baadaye kwa ndege ya abiria ya SpaceJet, ikaufuta mradi Februari 2023.

Kwa nini Marekani iliihitaji? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mwanafunzi wa Jeshi la Anga alipita njia moja: T-37, kisha T-38. T-38 ni ndege nyembamba kama sindano, inavuka kasi ya sauti, ilipaa mara ya kwanza mwaka 1959. Ni nzuri kwa anayekwenda kurusha ndege za kivita. Lakini yule anayekwenda kubeba mizigo na wagonjwa, pindua-pindua za angani atazitumia wapi? Jeshi lilikuwa linachakaza ndege ya gharama kwa watu wasioihitaji.

Ndipo mwaka 1990 mkataba ukasainiwa, ndege 180 zikaagizwa, na mwaka 1993 mafunzo yakaanza katika kambi ya Reese, Texas. Tangu hapo njia zikagawanyika. Wa ndege za kivita wanaelekea T-38, wa ndege za mizigo na za mafuta wanaelekea Jayhawk.

Siyo kwamba ndege ya matajiri ilipakwa rangi tu ikaingia kazini. Waliongeza tangi la mafuta ndani ya mwili. Waliimarisha muundo ili ivumilie kutua mara nyingi kwa saa moja, kwa sababu mwanafunzi hutua, anapaa, anatua tena, na kutua kwenyewe mara nyingi siyo kulaini. Pia waliipa kinga zaidi dhidi ya ndege wa mwituni, maana kuruka chini chini kunakutanisha injini na kioo na viumbe wenye mabawa ya manyoya. Inafika urefu wa futi 41,000 na kasi ya kilomita 860 hivi kwa saa. Kila moja iligharimu takriban dola milioni 4.1, ambazo kwa bei za ndege za jeshi ni kama chenji.

Kilichokuwa kinafundishwa hasa

Ukimuuliza mtu asiye wa anga, atasema Jayhawk ilifundisha kurusha ndege. Si hivyo kabisa. Kurusha walishajua, walijifunza kwenye T-6. Jayhawk ilifundisha kitu kigumu zaidi: kurusha ndege na mtu mwingine.

Kwenye T-6 mwanafunzi na mwalimu wanakaa mmoja mbele, mwingine nyuma. Hamuonani nyuso. Kwenye Jayhawk mnakaa bega kwa bega kama kwenye ndege kubwa yoyote, na wa tatu yuko kiti cha nyuma anatazama. Mmoja anashika usukani, mwingine anashika redio, anasoma orodha ya ukaguzi, anaangalia mafuta, anaangalia hali ya hewa. Mmoja akikosea, mwenzake lazima aseme. Na hapo ndipo penye kazi: kusema bila kuogopa, hata kama aliyekosea ana cheo kikubwa, na kusema mapema kabla kosa halijawa janga.

Yule wa kiti cha nyuma naye alikuwa anajifunza, pengine kuliko anavyodhani mwenyewe. Anawaona wenzake wakibishana kuhusu wingu lililoko mbele. Anasikia sauti ya redio ikijaa maelekezo ya ndege kumi kwa wakati mmoja. Anaona mwalimu akikaa kimya kwa makusudi ili kuona kama mwanafunzi atagundua kosa.

Kisha kuna injini mbili. Moja ikizimika wakati wa kupaa, ndege inavutwa upande mmoja, na una sekunde chache za kukanyaga pedali sahihi. Ukikanyaga isiyo sahihi, umemaliza. Mantiki hiyo ndiyo hiyohiyo utakayoikuta kwenye C-17, tofauti ni kwamba Jayhawk ina uzito wa juu wa tani 7.3 wakati wa kupaa na C-17 ina tani 265. Mara 36 hivi.

Hoja ya wanaotaka simuleta

Haifai kuwadharau. Hoja zao zina uzito, na mtu anayezitupilia mbali kwa kusema "mashine haiwezi kuwa ndege" hajafikiria vya kutosha.

Kwanza, injini ikifa wakati wa kupaa. Kwenye ndege halisi mwalimu anapunguza nguvu ya injini moja kwa tahadhari kubwa, kwa sababu mazoezi yenyewe yanaweza kuua. Kwenye simuleta unaiua injini, unaiwasha moto, unaongeza upepo wa pembeni, unaleta ukungu, na mwanafunzi akianguka anacheka kidogo kwa aibu na kuanza upya. Anaweza kufanya zoezi hilo mara nane asubuhi moja.

Pili, hali ya hewa na ubovu. Ndege ikiharibika, somo limekufa. Radi ikipiga Del Rio, somo limekufa. Simuleta haijui mvua.

Tatu, mashirika ya ndege yamekuwa yakifanya hivi siku nyingi. Rubani mzoefu wa abiria akihamia aina nyingine ya ndege, anaweza kumaliza mafunzo yote kwenye simuleta, na siku ya kwanza kuishika ndege halisi ikawa siku ana abiria nyuma yake. Abiria hawajui, na ndege inatua salama.

Ila neno lililobeba mzigo wote hapo ni "mzoefu". Rubani huyo ana maelfu ya saa angani. Amewahi kuogopa kweli, amewahi kutua kwenye upepo mbaya, amewahi kuchoka saa tisa usiku. Simuleta inamwongezea ndege mpya juu ya uzoefu alio nao. Mwanafunzi wa jeshi mwenye saa chache za T-6 hana akiba hiyo. Kuwalinganisha hawa wawili ni kama kusema dereva wa lori wa miaka 20 alijifunza basi kwa wiki moja, basi na mwenye leseni ya jana ataweza.

Jeshi linalijua hilo, na ndiyo maana katika miaka ya karibuni limeanza kuwapeleka wanafunzi kwenye shule za urubani za kiraia kabla ya T-6, wapate leseni, wapate kibali cha kuruka kwa kutumia vyombo, na waguse pia ndege ndogo za injini mbili. Ni suluhisho la maana. Lakini kale kandege ka injini mbili za pistoni kanakwenda taratibu, kanaruka chini, na mwendo wake wa kufikiri ni tofauti na wa jeti. Kwenye jeti mambo yanakufikia haraka. Ukichelewa kufikiri dakika moja, umeshapita kilomita 14.

Ilichoshindwa simuleta mwaka 2013

Tarehe 3 Mei 2013, ndege ya mafuta ya KC-135 iliondoka kambi ya Manas, Kyrgyzstan, ikielekea kuhudumia ndege zilizokuwa Afghanistan. Ndani walikuwa watu watatu. Dakika chache baada ya kupaa, kifaa kinachoongoza usukani wa mkia kikaanza kufanya kazi vibaya. Ndege ikaanza kuyumba: pua inakwenda kushoto na kulia, huku bawa moja linapanda na jingine linashuka, kama ngalawa iliyokamatwa na mawimbi ya pembeni. Kila myumbo ukawa mkubwa kuliko uliopita.

Marubani hawakutambua wako kwenye hali gani hasa. Walitumia usukani wa mkia kugeuza ndege, jambo ambalo katika hali ile linaongeza nguvu ya kuyumba badala ya kuipunguza. Mkia ukakatika. Ndege ikapasuka angani na wote watatu wakafa.

Ripoti ya uchunguzi ilieleza mengi, ikiwemo ubovu wa kifaa hicho. Lakini kuna sehemu moja inayopaswa kusomwa polepole na kila anayepanga bajeti ya mafunzo: simuleta za KC-135 wakati huo hazikuweza kuiga sawasawa kuyumba kwa aina hiyo. Wafanyakazi wa ndege walikuwa wamefunzwa, lakini mashine iliyowafunza haikuwa na tukio ambalo lingewaua.

Ieleweke vizuri. Ajali hiyo haithibitishi kwamba Jayhawk ingewaokoa, maana Jayhawk siyo KC-135 na haiyumbi kama KC-135. Wala haisemi simuleta ni takataka, kwa sababu programu inaweza kurekebishwa. Inachoonyesha ni kidogo zaidi na kizito zaidi: simuleta inafundisha kile ambacho mtengenezaji alikijua na akakiweka ndani yake, basi. Ndege halisi inaleta hata yale ambayo hakuna aliyeyaandika. Saa nyingi angani, katika ndege yoyote, humzoesha rubani hisia ya "hapa kuna kitu hakiko sawa" kabla vyombo havijasema.

Mwingine atajibu kwamba hisia hiyo haipimiki, na bajeti hupangwa kwa vinavyopimika. Ni kweli.

Kinachosukuma haraka hii

Nyuma ya hadithi ya ndege kuna hadithi ya watu. Jeshi la Anga la Marekani limekuwa na upungufu wa marubani unaokaribia 2,000 kwa miaka kadhaa. Lengo lake ni kuzalisha marubani wapya 1,500 kwa mwaka, na limeshindwa kulifikia mara kwa mara.

Wanakwenda wapi? Mashirika ya abiria. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, New York, watu 50 wakafa. Baada ya ajali hiyo sheria ikabadilika, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege Marekani anatakiwa awe na saa 1,500 angani. Kwa aliyetoka jeshini zinatosha 750. Unaona mlango ulivyo wazi: rubani wa C-17 mwenye nidhamu, mwenye saa zake, hahitaji hata kusubiri sana. Shirika linamtaka jana.

Jeshi limejibu kwa fedha. Rubani anayekubali kusaini miaka zaidi anaweza kupewa bonasi ya hadi dola 50,000 kwa mwaka. Bado wanaondoka, kwa sababu shirika linampa mshahara mzuri na, pengine muhimu zaidi, kulala nyumbani bila kuitwa usiku kwenda nchi asiyoijua.

Basi ukiwa na pengo la namna hiyo, kila wiki unayoikata kwenye mafunzo inaonekana kama ushindi. Jayhawk ilikuwa hatua nzima katika safari ya mwanafunzi. Iondoe, bomba linatoa marubani haraka. Kwenye karatasi.

Shida ya karatasi ni kwamba mafunzo hayapotei, yanahama. Mwanafunzi ambaye hakujifunza kazi ya wawili kwenye Jayhawk atajifunza akifika Altus, Oklahoma, kwenye shule ya C-17 na KC-135, au Little Rock, Arkansas, kwenye shule ya C-130. Huko saa moja ya ndege inakula mafuta na fedha kwa kiwango ambacho Jayhawk hata haikisogelei. Walimu wa huko ni haohao wachache ambao mashirika ya abiria yanawapigia simu.

Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 2018 jeshi hilohilo lilisaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 150 kubadilisha vyombo vya chumba cha marubani vya Jayhawk, kutoa vya zamani na kuweka skrini za kisasa. Miaka michache baadaye likaanza kuomba ndege hizo zistaafu. Mtu anayefunga dari jipya kwenye nyumba anayopanga kuibomoa ana maswali ya kujibu.

Wengine wameamua tofauti

Kama jambo lingekuwa wazi kwamba simuleta inatosha, basi kila jeshi lingefuata njia hiyo. Halijawa hivyo.

Jirani wa karibu kabisa ni Jeshi la Majini la Marekani. Nalo lina marubani wa ndege za injini nyingi, nalo lilikuwa na ndege ya mafunzo iliyochoka, T-44. Januari 2023, wakati Jeshi la Anga linaomba kuiondoa Jayhawk, Jeshi la Majini lilitoa mkataba wa ndege mpya za T-54A, ambazo ni King Air za injini mbili za panga, kwa idadi inayoweza kufika 64. Nchi moja, walipa kodi walewale, majibu mawili. Ajabu nyingine ni kwamba Beechjet na King Air zote zimetoka Wichita.

Uingereza nayo iliwahi kuwa na jeti ndogo ya namna hii, Dominie, iliyofundisha maofisa wa urambazaji hadi ilipostaafu Januari 2011. Baadaye, kwa ajili ya marubani wa ndege kubwa, wakaleta Phenom 100 kutoka Brazili, jeti ndogo nyingine ya kibiashara, wakaziweka Cranwell. Ni chache tu, lakini ni jeti, na zinapaa. Japani bado ina T-400 zake.

Wazo lenyewe la kuchukua ndege ya bosi na kuifanya shule ni la zamani kuliko Jayhawk. Mwaka 1956 Jeshi la Anga la Marekani lilitangaza kwamba linataka jeti ndogo ya kazi mbili, kusafirisha watu na kufundisha. Ikazaliwa T-39 Sabreliner, iliyopaa mara ya kwanza Septemba 1958. Asubuhi ilibeba majenerali, mchana ilibeba wanafunzi. Kazi yake haikuwa ya kivita, lakini Januari 28, 1964 T-39 moja iliyokuwa kwenye safari ya mafunzo kutoka Wiesbaden ilipotea njia ikaingia anga ya Ujerumani Mashariki. Ndege ya kivita ya Kisovieti ikaiangusha na maofisa watatu waliokuwemo wakafa. Anga halikuuliza kama ile ilikuwa safari ya darasani.

Inawahusu nani nje ya Marekani?

Inawagusa watu wengi kuliko wanavyodhani. Ndege zinazorushwa na wahitimu hawa hazibaki Texas. C-130 zao zinafanya kazi kutoka Djibouti hadi nchi jirani za Pembe ya Afrika. Mei 2024, kabla polisi wa Kenya hawajafika Haiti, ni C-17 za Marekani zilizokuwa zinatua Port-au-Prince kushusha watu na vifaa vya kujenga kambi yao, kwenye uwanja uliokuwa umefungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya magenge.

Agosti 2021 Kabul ilipoanguka, C-17 moja iliondoka na watu 823 wameketi sakafuni, wakiwemo watoto 183. Hakuna simuleta iliyopangwa kwa ajili ya jioni ile. Umati ukiwa umeingia uwanjani, marubani walilazimika kuamua kwa dakika chache: uzito ni kiasi gani, njia inatosha, tunaondoka au hatuondoki. Uamuzi wa namna hiyo unafanywa na watu wawili waliokaa bega kwa bega, na mmoja wao mara nyingi ni kijana ambaye hajamaliza miaka mingi tangu avae mabawa.

Ndege yenye nafasi kubwa ya kubadili mazungumzo haya ni T-7A Red Hawk, ambayo Boeing ilipewa kandarasi yake mwaka 2018: ndege 351 na simuleta 46, kwa dola bilioni 9.2. Imechelewa kwa miaka. Lakini hata ikifika kesho asubuhi, inakuja kurithi T-38, njia ya ndege za kivita. Viti vyake viwili vimepangwa mmoja mbele ya mwingine. Kwa upande wa ndege za mizigo na za mafuta, hakuna jeti mpya iliyoagizwa.

Ndege za jeshi la Marekani zikistaafu, kwa kawaida huishia Davis-Monthan, jangwa la Arizona, ambako ukavu wa hewa unazuia kutu na ndege zinaweza kukaa miaka zikisubiri kuchinjwa vipuri au kurudishwa kazini. Beechjet za kiraia, ndugu wa damu wa Jayhawk, bado zinakodishwa na matajiri kwa saa. Nani atawafundisha marubani wawili wa C-17 kuambiana ukweli mapema, kwa sasa jibu liko kwenye chumba chenye kiyoyozi, na matokeo yake yatapimwa Altus na Little Rock, na wale walimu ambao watakuwa wa kwanza kuwapa vijana hao jeti halisi mikononi.